Mgonjwa wa Ghorofa ya Juu

Shangazi hakuwahi kuacha tabia ya kukagua mifuko. Ukivua koti na kulitundika nyuma ya mlango, kabla hujakaa vizuri mkono wake ulikuwa umeshaingia ndani, unatoa kalamu, funguo, peremende iliyoyeyuka, na kuvipanga mezani mbele yako bila kuona haya. Wageni walitazamana. Mimi niliwahi kuwaeleza kwamba maisha yake yote alikuwa dobi wa hospitali, na kalamu moja ya daktari ikiingia kwenye mashine inaharibu mashuka ya wodi nzima.

"Sipekui," yeye alisema. "Naokoa."

Alipostaafu, chumba alichopewa na hospitali kilirudi hospitalini, naye akaja kwangu na begi moja. Yalikuwa makubaliano ya muda. Binti yake, binamu yangu, ana nyumba kubwa yenye bustani katika mji mwingine, na alikuwa akimwandalia chumba. Kikishapakwa rangi angekuja kumchukua. Begi likakaa chini ya kitanda na nguo zikabaki humo humo. Alitoa moja, akaivaa, akaifua, akairudisha.

Nilitaka abaki. Sikumwambia, kwa sababu sikuona nina nini cha kumbakiza. Tangu ndoa yangu ivunjike nilikuwa naondoka asubuhi na kurudi jioni, na flati yangu ilikuwa na ukimya wa mahali ambapo kijiko unachokiacha mezani unakikuta pale pale. Shangazi aliusikia ukimya huo siku ya kwanza.

"Hivi huyu anayetembea juu yetu ni nani?"

"Sijui, Shangazi."

"Na huyu anayekohoa huko ukutani?"

"Huyo pia simjui."

"Mwanangu, mmepangwa kama sahani kabatini na hamjuani hata majina! Wodini watu husalimiana, na wengine wana mipira puani."

Siku zake zikawa ndefu. Alikaa dirishani, akapiga pasi vitambaa vya kupangusia vyombo, akapiga pasi hata mapazia. "Kule kwa mwenzako kuna bustani," aliniambia jioni moja, kwa sauti ya mtu anayejishawishi mwenyewe.

Kisha akagundua paa. Nguo zetu huanikwa huko juu, ambako kila flati ina kamba yake na namba yake imeandikwa kwa rangi kwenye nguzo. Nimeishi jengo hilo muda mrefu, na huko juu sijawahi kuona kitu zaidi ya nguo. Shangazi alipanda na beseni asubuhi, akashuka karibu na mchana, macho yanang'aa kama ametoka sinema.

"Yule mtoto wa chini anarefuka huyo! Suruali zote zimeshushwa pindo, na bado hazitoshi. Jirani yako wa mlango huu wa mbele amepata kazi mpya, mashati bado yana mikunjo ya dukani. Halafu yule jirani mnayemwita Mwalimu amenuniana na mkewe."

"Hilo nalo liko kwenye kamba?"

"Mvua imekuja, mke kaanua zake, za mume kaziacha zinanyeshewa. Unataka wakutangazie redioni?"

Tangu hapo aliwasalimia watu ngazini kama ndugu. Jirani wa mbele alipopongezwa kwa kazi ambayo hakuwa amemwambia mtu, alibaki kinywa wazi. Mimi nikawa nampita Mwalimu huku nimeangalia viatu vyangu.

Kamba ya mwisho ilikuwa ya kijana mwembamba wa ghorofa ya juu. Tulimwita Bwana Kimya, kwa kuwa salamu yake yote ilikuwa kuinamisha kichwa. Siku Shangazi alipoitazama kamba hiyo vizuri, alishuka bila utani.

"Kuna mgonjwa mle."

"Anaishi peke yake, Shangazi."

"Nisikilize. Shati moja, suruali moja, kisha kamba nzima vitambaa vyeupe. Mashuka yamekatwa vipande, kila siku. Vile ndivyo tulivyokuwa tunamtandikia mgonjwa asiyeweza kuamka. Nimevinusa. Vimefuliwa, lakini uchachu haujatoka. Hiyo ni homa, tena ya muda mrefu. Atakuwa mama yake."

"Labda ni..." Nikatafuta labda nyingine, nikaikosa.

Supu ikaanza kupanda ghorofani. Aliiweka mlangoni kwa Bwana Kimya, akagonga, akashuka haraka ili kijana asije akamwonea haya. Sufuria ilirudi mlangoni kwetu imesuguliwa mpaka inang'aa. "Mgonjwa anakula," Shangazi alisema. "Dalili nzuri."

Nilimuuliza kwa nini asimuulize tu mwenyewe. Akanitazama kama nimesema jambo la kipuuzi. "Mtu anayeficha mgonjwa haulizwi. Anasubiriwa." Wakikutana ngazini alimshika mkono. "Jikaze, baba. Na wewe ulale, usije ukaanguka." Kijana alimtazama kwa macho mekundu, akasema, "Asante, Mama," akapanda mbio.

Rangi ya kile chumba ikakauka. Binamu alipiga simu kwamba anakuja Jumamosi. Kufunga mizigo ya Shangazi hakukuwa kazi, maana haikuwa imefunguliwa. Nilimpigia pasi nguo ambazo tayari alikuwa amezipiga.

Jumamosi binamu yangu alifika akiwa na haraka. Shangazi akaomba apande paani kidogo, kuaga kamba zake. Alishuka mikono iko kichwani.

"Kamba tupu! Hata kitambaa kimoja hakuna. Mgonjwa wetu amekwenda!"

"Mama, gari limesimama vibaya," binamu alisema.

"Gari halijafiwa."

Akajifunga kitambaa kichwani, akaanza kugonga milango. Mwalimu alitoka na kandambili, mkewe nyuma yake. Akatoka jirani wa mbele. Akatoka mama wa yule mtoto anayerefuka.

"Kumbe kulikuwa na mgonjwa?"

"Tangu lini?"

"Na sisi tupo hapa hapa! Aibu gani hii?"

Tukapanda ngazi kwa mstari, vichwa chini, binamu wa mwisho na funguo za gari mkononi. Sikuwa nimewahi kuona sura nyingi za jengo letu kwa pamoja. Shangazi akagonga.

Bwana Kimya alifungua akiwa mweupe kwa unga mpaka viwikoni, hadi kwenye nyusi.

"Pole, baba." Shangazi alimkumbatia na unga wake. "Pole sana. Amepumzika."

"Nani?"

"Mama yako."

"Mama yangu?" Kijana akashika mlango. "Nimeongea naye sasa hivi kwenye simu! Kapatwa na nini?"

Nyuma yake meza, kabati, viti na kitanda chenyewe vilifunikwa vile vitambaa vyeupe, na chini ya kila kitambaa kulikuwa na kitu cha mviringo kimevimba. Mke wa Mwalimu alipenya, akainua pembe ya kitambaa kimoja, akachungulia.

"Marehemu," akatutangazia, "ni mkate."

Mwalimu ndiye aliyeanza kucheka, na mkewe akamshika bega asianguke. Bwana Kimya, baada ya kuelewa, aliongea siku hiyo kuliko siku zake zote. Duka alilofanyia kazi lilifungwa, akaamua kujifunza kuoka mikate, akiamka alfajiri, akijificha tusije tukamcheka. Sasa shule moja imemwagiza mikate ya sherehe ya Jumatatu, naye alikuwa akijaribu kiasi kizima, ndiyo maana kila kitambaa kilikuwa kazini.

"Na supu je?" Shangazi aliuliza. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa chini juu, amejificha uso.

"Nilidhani Mama ameona ninavyokonda. Nilikunywa yote."

"Jamani, nimemuua mama wa watu kwa ubingwa wangu! Nimevinusa vitambaa, nikasema homa."

"Ni hamira, Mama."

Akatukatia mkate uliokwisha kuiva. Tulitafuna wima. Kisha tukatafuna polepole zaidi.

"Mzuri," alisema Mwalimu. "Ila..."

"Ila una sabuni," mkewe akamalizia.

Mabega ya kijana yakashuka. Alisema yote hutoka hivyo; amebadili unga, amebadili hamira, hajui afanye nini, na Jumatatu ndiyo hiyo. Shangazi akainua uso. Akavuta kitambaa kilichokuwa karibu, akakinusa tena, safari hii kwa muda.

"Unasuuza mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mara moja! Kitambaa kinacholala juu ya chakula!" Alisimama, akakunja mikono ya gauni lake la safari, na hapo ndipo alipomgeukia binti yake. "Mwanangu, nenda kaegeshe gari vizuri."

Mchana kutwa paa lilikuwa na mvuke na kelele. Vitambaa vilichemshwa, vikasuuzwa, vikasuuzwa tena. Mwalimu na mkewe walikamua kila mmoja ameshika ncha yake, wakitaniana. Binamu alilala kwenye kochi langu. Jumapili aliondoka na mikate isiyo na sabuni, bila mama yake, na nilipoingia chumbani nilikuta begi limekunjwa juu ya kabati, tupu.

Jumatatu shule iliagiza tena. Shangazi alivisimamia vitambaa hivyo miaka yote aliyobaki, na mlango wetu ukasahau kufungwa. Moyo wake ulipochoka alikataa kulala chumbani, akataka kochi la sebuleni, kwa sababu huko ndiko watu walikopita. Alifariki mchana mmoja kukiwa na majirani wamemzunguka, na mimi niko kazini. Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimesimama kizingitini, viatu vya kazi mguuni, nikamwambia naweza kuomba ruhusa nibaki naye. Ngazini kulikuwa na hatua za mtu anayepanda. Akanipungia mkono nisogee.

"Nenda kazini, mwanangu. Umeziba mlango, watu watapita wapi?"