Magdalena Aligoma Kujifanya Mgonjwa

Magdalena analima pilipili manga na karafuu kule juu Matombo. Miaka mitatu iliyopita alikuwa haumwi chochote, na hilo ndilo lilikuwa tatizo lake.

Wajomba zake watatu walikufa ghafla, hakuna aliyefika hamsini. Yeye alikuwa na arobaini na saba. Akashuka Morogoro mjini na kadi ya bima ya kikundi chao cha wakulima, akaomba apimwe moyo.

"Unaumwa nini, mama?" dada wa mapokezi akamuuliza.

"Siumwi. Nataka kujua kama nitaumwa."

"Bima hailipi hiyo, labda kama wazazi wana ugonjwa wa moyo."

"Wazima. Baba ana themanini na bado anapanda mnazi. Lakini sisi Waluguru ukoo ni wa mama. Niulize wajomba."

"Fomu haina wajomba." Dada akashusha sauti. "Sema kifua kinabana, nikuandikie."

"Na siku kikibana kweli nitakwambia nini?"

Akarudi mlimani bila kipimo. Katibu wa kikundi, mzee Dominiko, akamcheka. "Unapandisha gunia mlima wote huu, moyo wako utakuwa na nini?"

"Marehemu wajomba walipandisha mawili, baba."

Kampuni za bima zinanichosha. Ukianguka watalipa kitanda, mashine na upasuaji. Kukupima kabla, hawalipi. Eti mteja atahama mwakani, faida ale mwenzao. Sawa, basi kampuni zote pimeni, muone nani atapata hasara. Sisemi kila mtu apimwe kila kitu. Nasema presha, sukari na moyo kwa mtu ambaye ukoo wake unaanguka hovyo. Hii inahitaji digrii ya Mzumbe?

Magdalena hana digrii. Anachojua ni pilipili. Zamani mnunuzi alikuwa chama cha ushirika peke yake, unapokea bei anayotaka. Siku hizi wanapanda mlima wafanyabiashara watatu, na anayetaka mzigo anaanza kutaja bei yeye. Mkataba wa bima wa kikundi ulipokaribia kuisha, akaomba ruhusa ya wenzake, akaita kampuni mbili nyingine. Mawakala wote watatu akawapa siku moja, ile ya kupima mizigo, mbele ya wanachama.

"Mtanipima kabla sijaanguka kama wajomba zangu?"

Wa kampuni ya zamani akaanza, "Mama, kwa kanuni zetu..."

"Asante. Anayefuata."

Wa pili akaleta habari za punguzo. Wa tatu, binti anaitwa Jesca, akauliza, "Wajomba wangapi, mama?" Akaandika pembeni ya fomu, akatoka nje kumpigia bosi wake. Aliporudi alikuwa na jibu: wenye arobaini kwenda juu, vipimo vyote vitatu, presha, sukari na moyo, mara moja kwa mwaka. Wanachama hamsini na wawili wakahama siku hiyohiyo.

Presha ya Magdalena ilisoma mia na themanini, na hakuwa anasikia lolote. Sasa anameza kidonge kila asubuhi, na presha imeshuka. Dominiko naye alipima. Namba zake kanikataza kuzitaja, ila anameza.

Masika iliyopita Magdalena kapanda miche mia mbili ya mikarafuu. Mkarafuu unakaa miaka sita, saba, ndiyo unaanza kuzaa. Nilimuuliza nani atachuma.

"Mimi," akasema. "Ulidhani nani?"