Flenji ya Kwenye Msumari

Gari la shule liliingia getini, likasimama mahali pake pa kila siku, na hakuna mtoto hata mmoja aliyeshuka.

Dereva alidhani ni utani wao wa asubuhi. Akazunguka, akafungua mlango wa nyuma huku akiwachokoza, "Haya wakubwa, tumefika. Au mnasubiri kubebwa?"

Wote walikuwa wamelala. Vichwa vimeegemeana, midomo wazi, mabegi bado mgongoni.

Mmoja wao alikuwa binti yangu. Nyumbani tunamwita Kasuku, kwa sababu tangu ajue kuongea hajawahi kupumzika. Dereva aliniambia baadaye kuwa kilichomtisha zaidi ni hicho, Kasuku kukaa kimya.

Nilipigiwa simu nikiwa kazini. Nilikimbia na ovaroli langu la gereji, miwani ya kuchomelea iko kichwani, watu njiani wananishangaa. Nikamkuta amelazwa kwenye nyasi pamoja na wenzake, anatapika.

Jamani, sijawahi kufurahi kuona mtoto anatapika kama siku ile.

"Mama, kichwa kinaniuma," akasema. Halafu akaanza kunihadithia nani alikaa na nani na nani alimnyang'anya nani penseli. Nikajua amerudi.

Wote waliamka, namshukuru Mungu. Dereva yeye hakulala kwa sababu ana kawaida ya kuendesha kioo cha upande wake kikiwa wazi, mvua inyeshe jua liwake.

Sasa kaeni vizuri, maana balaa lenyewe lilikuwa bado.

Kilichowalaza watoto ni moshi wa ekzosi. Uliingia kupitia vitundu vya sakafu ya gari, na gari la umri ule halikosi vitundu. Ulikuwa unavuja pale bomba la mbele linapoungana na bomba la nyuma. Pale pana flenji.

Kwa msioijua: flenji ni kipande cha chuma bapa, kina tundu kubwa katikati la kupitisha moshi na matundu madogo pembeni ya kupitisha bolti. Zinakaa mbili zikitazamana, katikati unaweka gasketi ya kuzibia, unakaza. Zikikaa sawa, moshi hautoki hata kidogo. Zikikaa vibaya, ndiyo hayo.

Na zile flenji zilikatwa kwenye gereji yetu. Alizikata kaka yangu, kwa tochi ya gesi.

Gereji ni ya Baba. Siku hizi mikono inamtetemeka, tochi hashiki, lakini mdomo una nguvu zake zote. Anakaa mlangoni kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, anamkosoa kila anayepita. Kaka anakata. Mimi nachomelea na kufunga.

Mchana huohuo Mwalimu Mkuu akaja mwenyewe. Mama mmoja mrefu, mpole mpaka anatisha.

"Sikuja kugombana," akasema. "Nataka kujua kosa liko wapi na ni la nani. Nipeni jibu kabla sijaenda polisi. Nikienda bila jibu, nitaitaja gereji nzima."

Nilitegemea Baba aseme tutaangalia, tutachunguza. Wapi!

"Jibu hilo hapo limesimama," akamnyooshea Kaka kidole. "Miaka yote namwambia, gesi inapindisha chuma. Mimi nilikuwa nakata kwa msumeno wa mkono, namalizia na tupa, jasho linanitoka. Yeye anataka kuwasha moto amalize haraka aende zake!"

Kaka hakufoka. Alichukua zile flenji tulizozifungua gari lilipovutwa mpaka kwetu, akaleta kipande cha kioo cha dirisha, akazilaza juu yake moja moja. Kama chuma kimepinda, kikiwa juu ya kioo kitacheza.

"Mwalimu, bonyeza hapa. Na hapa. Inacheza?"

"Haichezi," Mwalimu Mkuu akasema.

"Ikiwa baridi haichezi!" Baba akadakia. "Ikipata moto je? Mpindo wake uko ndani!"

Kaka akanigeukia mimi. Sisi wawili tumelelewa pamoja, tumefundishwa kazi pamoja, akinitazama tu najua anataka nini. Alitaka nimtetee.

Lakini bado nilikuwa na harufu ya matapishi ya mwanangu kwenye ovaroli.

"Kaka," nikasema, "Kasuku amelazwa na moshi wako."

Uso ulimshuka. Hata Baba alinitazama.

Kuanzia hapo ikawa ni mjadala wa tukate kwa kitu gani. Mwalimu Mkuu alitaka flenji mpya, tena alitaka kuwepo zikijaribiwa. Baba akasema turudi kwenye msumeno. Nikamuuliza msumeno utaushika wewe? Grenda inakata vizuri nje, lakini lile tundu la katikati inalifanya liwe na pembe pembe. Mashine ya kubonyeza inahitaji uitengenezee kwanza umbo la flenji yenyewe, na sisi hatukati flenji nyingi kiasi hicho.

"Leza," nikasema. "Ile mashine ya kukata chuma kwa mwanga. Kule mji wa viwanda wanayo. Haipindishi, haitetemeki, na haina haraka ya kwenda zake."

Hilo la mwisho nililisema nikimtazama Kaka. Najua. Hasira mbaya.

Kaka akavua glavu zake, akaziweka juu ya mtungi wa gesi.

"Sawa. Zikateni kwa leza. Dada afunge mwenyewe, mimi sigusi hata nati. Zisipovuja, basi kosa ni la mkono wangu. Mwalimu hana haja ya kwenda polisi, nitajipeleka mwenyewe. Na tochi sitaishika tena maisha yangu."

"Mashahidi tupo," Baba akasema.

Mnaona mtego huo? Leza ikifaulu, gereji inapona na Kaka anakwenda ndani. Niliyeiomba leza ni mimi.

Nikachukua sampuli pale kwenye msumari. Kila gereji ina yake: flenji moja iliyoning'inizwa ukutani, ndiyo unayoiweka juu ya bamba, unaizungushia chaki, unakata. Yetu ilikuwepo pale tangu sijaota meno ya ukubwa, au ndivyo nilivyojua mimi.

Fundi wa leza alikuwa kijana nadhifu, hana hata doa la grisi. Akauliza, "Mmekuja na mchoro wenye vipimo?"

"Mchoro wa nini? Sampuli hii hapa. Fuata hii hii, usiongeze usipunguze."

Akacheka, akaipiga picha kwa mashine, na mwanga ukaanza kutembea juu ya chuma. Flenji zilitoka laini, zinang'aa, kingo kama zimekatwa kwenye siagi. Nikazibeba kwa fahari mpaka nikaona aibu mwenyewe, maana nilikuwa nimebeba hukumu ya ndugu yangu.

Nilizifunga kwa mikono yangu. Gasketi mpya, bolti mpya, nikakaza mpaka spana ikalia.

Mwalimu Mkuu akaja na kifaa kidogo cha kupima hewa, kile kinacholia kikinusa moshi mbaya. Mtu alitakiwa kukaa nyuma nacho, vioo vimefungwa, injini inanguruma.

"Nitakaa mimi," Kaka akasema.

"Kaka, acha, tukiweke tu kwenye kiti."

"Walikaa watoto. Nitakaa mimi."

Akaingia, akafunga mlango. Dereva akawasha gari, akashuka haraka. Sisi tukasimama nje tunamtazama kupitia kioo: amekaa kwenye kile kiti kidogo cha watoto, magoti yamemfika kidevuni, kifaa kiko kiganjani.

Injini ikachemka. Nilikuwa naomba, ila hata sijui nilikuwa naomba nini. Kilie au kisilie? Kisipolia, nimempoteza Kaka. Kikilia, yuko mle ndani anavuta kilekile kilichomlaza mwanangu.

Baba alikuwa ameinuka kwenye kiti chake. Ameshikilia nguzo ya mlango.

Mara nikamwona Kaka anacheka.

Anacheka peke yake, kichwa amekitupa nyuma, anapigapiga kioo kwa ngumi. Nikajua moshi umeshampanda kichwani. Nikaruka, nikavuta mlango kwa nguvu zangu zote, nikamdaka kwa kola nikamtoa nje, tukaanguka wote chini.

"Umechanganyikiwa? Unataka kufa?"

"Sikia!" Machozi yanamtoka na bado anacheka. "Dada, sikia! Kinalia! Kinalia!"

Na kweli kilikuwa kinalia. Kwa kelele za injini hatukukisikia kutoka nje.

Leza ilikuwa inavuja. Leza yangu, na kingo zake za siagi.

Dereva akazima gari. Bomba lilipopoa nikaingia chini, nikafungua. Gasketi ilikuwa imeng'oka upande mmoja. Nikatoka na flenji ya leza mkononi. Kaka akachukua ile aliyoikata kwa gesi, akaiweka juu yake.

Mapacha. Tundu kwa tundu, pembe kwa pembe.

Tukatazamana. Wote wawili tukageuka kuangalia ukutani, kwenye msumari, maana sampuli nilikuwa nimeirudisha pale. Kaka akaitungua, akaiweka juu ya hizo mbili.

Mapacha wakawa watatu.

"Mwalimu," Kaka akasema taratibu, "hatujakata vibaya. Tumekata vizuri sana kitu kibaya."

"Hii sampuli aliikata nani?" Mwalimu Mkuu akauliza.

"Baba," nikasema.

"Hapana," Kaka akasema. "Hii niliikata mimi. Ile iliyokuwepo nilimuuzia mteja mwenye haraka, nikaning'iniza hii."

"Na ile uliyouza aliikata nani?"

Kaka akakuna kichwa. "Nadhani... mimi vilevile. Kabla yake kulikuwa na nyingine, Dada aliitoa kwa mtu wa lori. Si unakumbuka, Dada?"

Nilikuwa nimesahau kabisa, hapo nikakumbuka. Mteja ana haraka, anapiga honi, flenji hii hapa ukutani inamtazama. Unaitungua, unamfungia, unamwambia safari njema. Kesho unakata nyingine kwa kufuata mwenzake, unaning'iniza. Nani asingefanya hivyo?

Ila kila ukikata, unamalizia na tupa mpaka alama ya chaki iishe. Tundu la katikati linakua kidogo. Nakala ya kesho inafuata lile lililokua, nayo inakua kidogo.

"Ya kwanza kabisa iko wapi?" nikauliza.

Nikagundua kuwa Baba hajasema neno kwa muda mrefu. Baba! Mtu anayeikosoa hata mvua.

Akaondoka bila kutujibu, akazunguka nyuma ya gereji, kwenye kile kigari chake cha ujana kilichokaa juu ya mawe, kuku wanatagia ndani. Akakigonga ubavuni.

"Fungueni ekzosi ya hili."

Kaka akaingia chini. Bolti zilikuwa zimeliwa na kutu, alipigana nazo mpaka akatoka na kitu cheusi mkononi. Tukakifuta. Mikwaruzo ya tupa bado ilionekana.

Tukaiweka juu ya wale mapacha watatu. Tundu lao la katikati lilikuwa limelipita la kwake pande zote, na upande mmoja zaidi. Gasketi haikuwa na pa kukalia. Tulikuwa tunakaza bolti kwenye ukingo mwembamba na kuomba Mungu.

"Nilikata mbili," Baba akasema. Sauti yake sikuijua. "Hii nikafunga hapa. Ile nyingine nikaning'iniza. Akaja mteja ana haraka... nikamuuzia. Nikamwambia huyu," akamgusa Kaka begani, "nikamwambia uza tu, tutakata nyingine. Alikuwa mdogo. Aliyemfundisha ni mimi."

Kaka akainama chini. Sijui nani kati yao alikuwa analia, sikutaka kuangalia.

Baba akamgeukia Mwalimu Mkuu. "Kama ni polisi, mama, twende mimi na wewe. Huyu mwache."

Mwalimu Mkuu aliishika ile flenji nyeusi kwa muda, anaigeuza.

"Nilitaka jibu, nimelipata," akasema. "Sasa mtalitengeneza gari langu, na sakafu yake yote mtaiziba. Halafu mtamwita kila mtu mliyemfungia hizi. Kila mmoja. Nikisikia hata gari moja limeachwa, hapo ndipo nitawapeleka polisi wote watatu."

Tuliwaita. Wengine walitutukana, tukapokea. Flenji tunakata kwa leza, kwa mchoro wenye vipimo vya ile ya kwanza, na hakuna gari linalotoka bila mtu kukaa ndani na kifaa. Kijana wa leza alinicheka sana. Nikamwacha acheke.

Kaka nilimwomba radhi mbele ya Baba, maana nilimtukana mbele ya Baba. Akaniambia, "Ulikuwa mama siku ile, hukuwa fundi." Sijui kama ndiyo amenisamehe, ila glavu zake alizivaa tena.

Ndugu zangu mnaosoma, mimi somo langu ni hili: tuligombana siku nzima juu ya gesi, msumeno na leza, na ndugu yangu nusura aende ndani, kumbe hakuna aliyewahi kukitilia shaka kile tulichokuwa tunakifuata. Mtu akikosea, kabla hujamkamata mkono, angalia kwanza yeye alikuwa anaiga nini, na nani alimpa.

Ile flenji ya kwanza hatukuining'iniza kwenye msumari. Kaka aliwasha mashine akaichomelea kwenye mlango wa chuma wa gereji, pande zote, Baba akimkosoa.

Wiki hii amekuja mteja anapiga honi. "Mafundi, nina haraka! Nipeni hiyo hapo mlangoni!"

Baba akamjibu kutoka kwenye kiti chake: "Karibu. Beba na mlango."