Ufito wa Rangi ya Asali

Ufito ule ulikuja Bukoba ndani ya sanduku la nguo kuukuu, kati ya makoti mazito ambayo mtu wa kwetu asingeweza kuyavaa bila kuzimia. Ndugu zetu wa imani wa ng'ambo walikuwa wametuma masanduku matatu usharikani kwetu Nyanga, mwaka ambao bendera mpya ya nchi ilikuwa bado haijapauka. Wanawake waligawana mablanketi. Ufito ukakosa mwenyewe. Ulikuwa vipande viwili vinavyoingiana, rangi ya asali, ndani ya mfuko mwembamba wa kitambaa, pamoja na gurudumu dogo la chuma lililozungushiwa mshipi mnene mweupe. Kiongozi wa kwaya alikichukua kile kipande chembamba akaongozea nyimbo kwa miezi miwili, mpaka mimi na mdogo wangu tulipookota kijikaratasi chini ya sanduku tupu.

Nilikuwa mwalimu mpya na Kiingereza changu kilitosha kusoma maelezo. Ufito umetengenezwa kwa nyuzi za kioo, faibaglasi. Kazi yake ni kurusha ndoana isiyo na chambo, iliyovishwa manyoya ili samaki aione kama mdudu. Mdogo wangu, aliyekuwa karani wa kupima kahawa na mtu wa kucheka kwa urahisi, alicheka mpaka akakaa chini. Alitaka kujua ni samaki gani mjinga namna hiyo. Lakini ni yeye aliyekwenda kumbembeleza kiongozi wa kwaya, na kwaya ikarudi kuongozwa kwa mkono, nadhani ikaimba vizuri zaidi.

Tulijifunzia kwenye nyasi za uwanja wa kanisa. Unainua mkono, mshipi unaruka nyuma yako, halafu unasubiri. Kila mtu hukosea hapo, kwa sababu mkono unataka kwenda mbele haraka. Ufito wa faibaglasi hauna haraka. Unapinda taratibu kutoka ncha hadi kwenye mpini, unautia mkono wako uzito wa mshipi wote ulio hewani, ndipo unaupeleka mbele na mshipi unajikunjua na kulala kwenye nyasi bila kishindo. Mara ya kwanza nilipofanikiwa nilisikia furaha mpaka kwenye magoti. Wapita njia walituuliza kama tumekosa watoto wa kuchapa hata tunachapa hewa. Niliwaacha waseme. Niliupenda ufito ule kuliko saa yangu, kuliko baiskeli yangu, na mchumba mmoja alinishutumu kwamba kuliko yeye, naye hakukosea sana.

Manyoya tuliyapata shingoni mwa jogoo wa Mama. Alilalamika kwamba jogoo wake anafanana na mtu aliyenyolewa na kinyozi mlevi. Senene, wale panzi wa kuliwa, walipoanguka, watu wote wa Bukoba wakikimbizana nao kwa ajili ya kikaango, sisi wawili tuliwakagua miguu kwanza. Mdogo wangu alifumua sweta la kijani akatengeneza senene wa nyuzi na manyoya ambaye Mama nusura amtie chumvi. Kwa senene yule tulipata samaki, sato na kuyu, kwenye miamba ya Rubafu, mvua zilipolifanya ziwa liwe na rangi ya chai. Wadogo tuliwarudisha majini, jambo lililowaudhi wavuvi wa pale. Mmoja alituambia kwamba anayerudisha alichopewa na ziwa analiambia ziwa lichukue kingine. Wazee wa Rubafu bado walimtaja Mugasha, mwenye ziwa, kwa sauti ya chini, ingawa Jumapili walikaa kanisani benchi za mbele.

Mdogo wangu alinizidi. Mimi nilijua samaki ameuma baada ya kuuma. Yeye alisema, "Anakuja," akahesabu pumzi mbili, na ufito ukapinda. Nilipomuuliza amejuaje alisema ufito humwambia. Ni kweli kwamba ulikuwa na sauti. Ndani ni mtupu kama unyasi, na upepo wa ziwani ukiupitia pembeni ulitoa mlio wa chini, kama mtu anayeimba amefunga mdomo. Lakini nyumbani pia, umesimamishwa kwenye kona ya chumba ambako hapakuwa na upepo wowote, ulilia hivyo hivyo kabla ya mvua. Mama aliusikia akawahi kuanua kahawa. Sisi tulifanya mzaha juu ya jambo hilo, kwa sababu tulikuwa vijana na jambo lenyewe lilikuwa na faida.

Miaka ya ujamaa ilipokuja nilihamishiwa shule moja ya Muleba. Asubuhi nilifundisha, mchana nililima shamba la kijiji pamoja na wanafunzi, na usingizi wangu ulikuwa wa jiwe. Ufito nilimwachia mdogo wangu. Nilimwonea wivu, nakiri.

Alikwenda Rubafu peke yake siku ya kazi, kwa baiskeli, akapanda mwamba wetu. Wanawake wawili waliokuwa wakifua walimwona saa tisa alasiri akirusha mshipi. Waliinama kukamua shuka, mmoja upande huu na mwingine upande ule, na walipoinua macho hayupo. Hawakusikia kitu kuanguka majini. Ufito ulikuwa umesimama wenyewe kwenye ufa wa mwamba, mshipi wote umetoka kwenye gurudumu na umekaza, umeelekea kilindini.

Nilifika kesho yake adhuhuri. Wavuvi walikuwa wamezunguka na mitumbwi tangu alfajiri bila kupata hata kiatu. Hakuna aliyethubutu kuugusa ufito, na mshipi ulikuwa bado umekaza vilevile, siku nzima baadaye, pasipo na kitu cha kuuvuta. Niliushika. Papo hapo ukalegea mkononi mwangu, nikaukunja wote, mwepesi kabisa. Mwishoni, kwenye uzi mwembamba wa nailoni, senene wa kijani hakuwepo. Uzi haukukatika. Ulikuwa umefunguliwa, na ncha yake ilikuwa bado imejikunja pale fundo la mdogo wangu lilipokuwa. Fundo hilo mimi mwenyewe nilikuwa nalikata kwa wembe, kwa sababu vidole haviliwezi.

Watu walisema mamba, wengine kifafa, wengine jina la yule mwenye ziwa. Tulingoja siku tisa. Ndipo baba mdogo akasema tufanye kama wanavyofanyiwa wasiopatikana. Angezikwa kwa gogo la mgomba, lililofungwa ndani ya lubugo, kile kitambaa cha gome la mti, pamoja na shati lake, kibanjani, shamba letu la migomba, karibu na kaburi la Baba. Mchungaji alijua. Alichagua kuwa na safari siku hiyo.

Mimi ndiye niliyetumwa kukata gogo. Hukatwa juu ya ardhi, shina tupu, ili lioze kama mwili unavyooza. Nilisimama na panga mbele ya mgomba wenye urefu wa mdogo wangu, na mkono ukanigomea. Badala ya kukata, nilipiga magoti nikachimba kwa panga na kucha, nikaung'oa pamoja na tunguu lake, ule mzizi mnene unaotoa machipukizi. Nilipunguza majani, nikaufunga lubugo mwenyewe kabla mtu hajafika, na waliobeba wakasema ni mzito. Sikufikiri. Nilichojua ni kwamba sikutaka kumkata.

Tuliuzika tukiimba. Wiki ya sita mvua zikanyesha, na katikati ya kaburi likatoka jani limejisokota, kijani changa, limesimama wima.

Mama aliliona kabla ya wote. Matanga yalikuwa yaondolewe Jumamosi ile, nyasi za kulalia wafiwa zitolewe ndani, tuanze tena kula mezani na kuzungumza kwa sauti ya kawaida. Mama akasema hapana. "Amekataa kuzikwa," alimwambia baba mdogo. "Siwezi kuondoa matanga ya mtu aliyekataa." Aliendelea kulala chini juu ya nyasi. Kila jioni alipakua ndizi sahani moja ya ziada, akaiweka mlangoni, asubuhi akampa jogoo. Majirani walianza kupitia njia ya pili. Alikonda mpaka gauni likawa linamzunguka, na mimi nilijua kwamba atakufa pale chini kwa ajili ya tunguu nililolificha mwenyewe. Kila Jumamosi nilitoka Muleba kwa basi nimedhamiria kumwambia. Kila Jumapili nilirudi sijasema. Jani likawa majani sita.

Mwezi wa nne tangu maziko akaniambia, "Chukua ule ufito wenu. Twende Rubafu ukamwite."

"Mae," nikamjibu, kama tunavyomwita mama kwetu, "ufito hauiti watu."

"Ulimwita yeye vizuri sana," akasema.

Tulifika asubuhi, ziwa limetulia kama maziwa kwenye kibuyu. Mbali, wale wadudu wadogo wa ziwani walikuwa wamepanda kwa maelfu katika nguzo moja ndefu kama moshi usio na moto, na nguzo ilikuwa ikitembea juu ya maji bila upepo. Mama alikaa juu ya mwamba akakunja kanga miguuni. Nilifunga senene wa mwisho katika wengine aliokuwa ametengeneza mdogo wangu, nikarusha. Ufito haukujali tulichokuja kufanya. Ulipinda taratibu kama kawaida yake, na nitasema jambo la aibu: hata siku ile, mshipi ulipojikunjua na kulala majini, nilifurahi.

Nilirusha kwa muda wa saa nzima. Nguzo ya wadudu ilitukaribia, nikasikia uvumi wao. Halafu nikagundua kwamba si wao. Ni ufito uliokuwa ukilia mkononi mwangu, ule mlio wa mdomo uliofungwa. Nikajikuta nimesema, "Anakuja." Nikahesabu pumzi mbili.

Ukapinda hadi kwenye mpini. Nimevua miaka mingi kabla na baada, na samaki hukimbia, hutingisha kichwa, hupumzika, hukimbia tena. Hiki hakikukimbia. Kilikwenda, kwa mwendo wa mtu anayetembea bila haraka, na gurudumu likatoa mshipi hatua kwa hatua. Niliushikilia kwa nguvu zangu zote.

"Legeza," Mama akasema nyuma yangu.

"Mae, nikilegeza ataondoka."

"Mwanangu, legeza mkono."

Nililegeza. Mshipi ukakaza pumzi moja zaidi, ukaanguka juu ya maji. Nilipoukunja, senene hakuwepo, na ncha ya nailoni ilikuwa imejikunja, imefunguliwa. Nilimwonyesha Mama. Aliutazama uzi, akautazama uso wangu, na wadudu wakatupitia wakatujaa kwenye nywele na midomo. Pale pale nikaanza kulia, nikamwambia yote, panga, tunguu, lubugo niliofunga peke yangu. Nilimwambia kwamba mdogo wangu hajakataa kuzikwa. Ni mimi niliyeuzika mgomba mzima.

Mama alitema mdudu akajifuta mdomo.

"Nimepanda migomba tangu sijaolewa," akasema. "Unadhani sijui gogo tupu haliwezi kuchipua? Siku ya maziko nilikushika mikono. Ilikuwa na udongo chini ya kucha, na hakuna aliyekuwa amekutuma kuchimba."

Nikamuuliza kwa nini basi amelala chini miezi yote ile, sahani mlangoni, watu wakimwona amechanganyikiwa.

"Nilikuwa nakusubiri wewe. Mwenzako nimeshamlia. Wewe ndiye hujamzika, nami siwezi kuondoa matanga mtoto wangu mmoja akiwa bado nje."

Tulikaa mpaka jua likawa kali. Mwishowe nikauliza swali lililobaki. Kama alijua yote hayo, ni nini kilichouvuta mshipi?

"Hilo silijui," Mama akasema. "Ndiyo maana nilikwambia ulegeze."

Kesho yake asubuhi tulifukua kaburi, mimi na yeye tu. Tunguu lilikuwa limenenepa, na mizizi myeupe ilikuwa imepita ndani ya mikono ya shati hadi kwenye vifungo vya mikononi, kana kwamba limevaliwa. Ilinibidi kuitoa mmoja mmoja. Mama alipanda tunguu upande wa pili wa kibanja, kwa sababu hakuwa mtu wa kutupa mche mzuri. Halafu akanitazama, akangoja. Nilijua anangoja nini. Niliingia ndani nikautoa ufito kwenye kona, nikautenganisha vipande viwili, nikavifuta kwa kitambaa kama tulivyofanya kila tulipotoka ziwani, nikavilaza ndani ya lubugo pamoja na shati. Safari hii nilifukia kwa mikono yangu mwenyewe, na nililia kama ilivyonipasa kulia siku ya maziko ya kwanza. Jumamosi nyasi zikatolewa ndani. Mama alikula sahani yake, akaongeza.

Sasa na yeye amelala pale, na mimi ni mzee ninayekaa kwenye nyumba ile ile. Mtu mmoja wa mjini aliwahi kuniletea ufito mpya, mweusi, mwepesi, wa kizazi kingine. Nilimshukuru nikamrudishia. Gogo la mgomba lingekuwa udongo zamani. Faibaglasi haiozi, na najua kwamba pale chini bado una rangi ya asali. Siku nyingine jioni, hewa imesimama na hakuna jani linalotikisika, mlio ule wa chini hutoka upande wa makaburi. Huwaambia wajukuu waanue kahawa. Wanaanua, mvua inanyesha, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza nimejuaje.