Irimu wa Kamau na Tepu Iliyovutika

Sisi tuliokulia Kimbo kabla barabara kuu ya Thika haijapanuliwa, vita vyetu tulivipigana tukiwa tumepiga magoti. Goti langu la kulia lina kovu mpaka leo, na si la kuanguka, ni la kutambaa juu ya simiti nikifuata jeshi langu. Vijana wa siku hizi nikiwaambia hivyo wananicheka. Wacha wacheke. Wao wakipiga magoti ni kutafuta chaja chini ya kitanda.

Jeshi langu lilikuwa la udongo. Tuliutoa Theta, kule karibu na mto, udongo mweusi unaong'ang'ania gamubuti mpaka mguu unatoka na soksi tupu. Mimi na kaka yangu Kamau tulifinyanga askari wa urefu wa kidole gumba, tukawaanika juu ya bati la choo, halafu tukawafukia kwenye jivu la jiko mama akishaepua githeri. Nusu yao walipasuka. Waliobaki walinuka moshi na maharagwe, na hao ndio tuliowaita jeshi.

Mmoja tu hakuwa wa udongo. Kamau alimchonga kwa kisu cha jikoni kutoka kwenye kisiki cha mbuni, na kazi hiyo ilimlia likizo nzima. Alikuwa Irimu, lile zimwi la hadithi za cucu, nyanya yetu, lenye mdomo wa pili kisogoni ambao linauficha kwa nywele. Kamau aliuchonga mdomo huo na meno yake yote. Alipokwenda bweni kuanza Form One alinikabidhi Irimu, akaniambia, "Nyambura, huyu si wako. Nikirudi nimkute." Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Niliapa hata kabla hajamaliza kusema.

Likizo ya Agosti ilipofika, mama alikuwa na yunifomu za shule tatu za kushona na hakutaka mtoto karibu na cherehani. Akanipeleka Thika kwa tata Wangari, dada yake, aliyefanya kazi kiwandani na kuishi kwenye nyumba za wafanyakazi. Jumatatu naenda, Jumamosi narudi Kimbo. Kamau naye alikuwa amebakizwa shuleni wiki tatu kwa tuition. Nilimbeba Irimu ndani ya soksi, pamoja na jeshi langu la udongo, kwa sababu nilitaka watoto wa Thika wamwone. Maringo tu, hakuna kingine.

Kwenye nyumba iliyopakana na ya tata walikaa Akinyi, msichana wa miaka kama kumi na mitano hivi, na mdogo wake Oduor, aliyekuwa rika langu na mdomo mkubwa kunishinda. Baba yao alikuwa fundi wa mitambo. Siku moja, kwenye mitumba ya sokoni, alikuwa amewapatia boksi la askari wadogo: mashujaa wenye ngao, watu wenye vichwa vya nguruwe, na joka lililokatika bawa moja. Ndani mlikuwa na kitabu cha sheria za vita, Kiingereza kigumu, nusu ya kurasa zimenyofoka. Zile zilizokosekana Akinyi alikuwa ameziandika upya kwa biro kwenye daftari la hesabu. Walikuwa wamecheza kila siku kwa miaka miwili, wao kwa wao, mpaka kila mmoja alijua mwenzake atafanya nini. Waliponiona na soksi yangu walifurahi sana. Oduor hata alinikatia kangumu yake, lile andazi gumu, katikati, na mimi nikadhani huo ni ukarimu.

Uwanja ulikuwa veranda yao. Mawe yalikuwa milima, vijiti vya ua wa kiaapo vilikuwa msitu, na mfuko wa plastiki wa bluu ulikuwa mto. Askari wa miguu alitembea inchi nne, mwenye farasi inchi sita, na ukishambulia unaruhusiwa kwenda mara mbili. Ukimgusa adui unarusha dadu mbili za ludo. Jemadari akianguka, vita vimekwisha. Ila kulikuwa na sheria moja ambayo haikutoka kitabuni, ilitoka kwenye bano, mchezo wa gololi: tulicheza kulana. Aliyeshinda anachagua askari mmoja wa aliyeshindwa na kwenda naye, moja kwa moja.

Hakuna aliyenifundisha. Sheria uliijua ukishaivunja.

"Zimwi likigusa maji linalala zamu moja," Oduor alisema, mara tu Irimu alipokanyaga ule mfuko wa bluu.

"Nani amesema?"

"Kitabu."

"Nionyeshe."

Akinyi alilifungua daftari bila haraka, akaniwekea kidole kwenye mstari. Kweli, ilikuwa imeandikwa, kwa mwandiko wake. Irimu akalala. Vichwa vya nguruwe wanne wakampita, wakamfuata jemadari wangu aliyekuwa amebaki peke yake, na nikashindwa kabla uji wangu haujapoa. Oduor akamtaka mwenye farasi. Akinyi akatikisa kichwa, akamnyooshea Irimu kidole.

"Huyo si wangu," nikasema. "Ni wa Kamau."

"Sasa mbona umemleta vitani?" Akinyi akaniuliza. Hakuniuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli.

Woi! Nilijifungia chooni nikalia mpaka tata akadhani ninaumwa na tumbo. Baadaye nikapiga hesabu. Kamau angerudi Ijumaa ya wiki ya tatu. Mpaka siku hiyo, Irimu alitakiwa kuwa juu ya kabati letu Kimbo, na njia ya kumrudisha ilikuwa moja tu, kumshinda Akinyi.

Basi nikacheza. Nilicheza kila mchana nikapigwa kila mchana, na kila mchana askari mmoja wa udongo alihamia boksi lao. Kutoka kumi na mmoja nikabaki na watano. Lakini kila kipigo kilikuwa na somo lake. Nilijifunza kutosimama karibu na maji. Nilijifunza kwamba Oduor akianza kupiga mluzi ana mtego msituni. Nilijifunza kwamba Akinyi hashambulii mpaka uchoke kungoja, na kwamba jemadari wake humweka mbele kidogo kuliko inavyofaa, kwa kujiamini. Sijawahi kuwa na walimu wakali kama wale wawili, na nimesomeshwa na wengi.

Jumatano ya wiki ya pili ndipo nilipoiangalia vizuri rula yao. Ilikuwa ya mbao, imevunjika upande mmoja, na namba zilianza na moja. Mimi siku zote niliweka pale ilipovunjika na kusoma sita, kumbe nimetembea tano. Wiki nzima na nusu nilikuwa napoteza inchi moja kila hatua, na wao wananitazama tu.

"Haiya! Kwa nini hamkuniambia?"

"Hukuuliza," Oduor akasema, akicheka mpaka akashika ukuta. Akinyi hakucheka. Alisema tu kwamba daftari linaruhusu kila mtu kuja na kipimo chake.

Hasira niliyoenda nayo nyumbani Jumamosi ile naijua mimi. Na pale Kimbo, kwenye msumari nyuma ya mlango, ilikuwa imening'inia tepu kuukuu ya mama. Mama alikuwa amenunua nyingine kwa sababu ile ilikuwa imevutika, miaka mingi ya kuvaliwa shingoni na kuvutwa na vibarua. Ukimpima mtu na kumkatia kwa tepu ileile, hakuna shida, nguo itamkaa. Shida ilikuwa saizi zikija zimeandikwa kwenye karatasi ya shule. Hapo sketi zilitoka kubwa, na mama akalazimika kutoa nusu inchi kwa kila futi moja, kichwani, siku nzima. Alipoitundika kwenye ule msumari alituambia, "Hiyo msipimie kitu cha mtu."

Nilisikia. Nilielewa pia, mimi ni mtoto wa fundi. Niliikunja nikaitia mfukoni.

Tangu siku ya rula sikuwa nimecheza tena. Alhamisi ya wiki ya tatu, kesho yake Kamau anarudi, nikamwambia Akinyi nataka vita vya mwisho. Tulianza saa nane. King'ora cha kiwanda hulia saa kumi, baba yao anatoka kazini, na daftari lilisema vita visivyokwisha ni vya mwenye veranda. Kwa hiyo nilikuwa na saa mbili. Oduor alikaa kwenye ngazi kama refa na akafunga mdomo, na hilo peke yake lilinitia baridi.

Nilipima kila hatua kwa tepu ya mama. Kwenye inchi nne hakuna anayeona kitu. Kwenye sita, labda upana wa ukucha. Lakini hatua zikijumlishwa zinakuwa kitu, na kwa mara ya kwanza niliufikia mlima kabla yake. Nilipoteza wawili msituni. Yeye akapoteza watatu, na nikamwona akijishika sikio, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya. Irimu alikuwa upande wake wa uwanja, nyuma kabisa, analinda jemadari, ananitazama kwa kile kisogo chenye meno.

Saa ilikuwa imekwenda. Tata alikuwa ameshawasha jiko lake, naisikia harufu ya makaa. Akinyi akamsogeza Irimu kando ili kuziba njia ya msituni, na hapo jemadari wake akabaki wazi mbele ya farasi wangu wa mwisho. Sita mara mbili, inchi kumi na mbili. Nilijua kwa macho tu kwamba haifiki.

Nikaitandaza tepu. Nambari kumi na mbili ikagusa mguu wa jemadari wake, sawasawa.

"Haifiki!" Oduor akaruka kutoka kwenye ngazi. "Wee, hapo haifiki hata kidogo!"

"Imefika. Angalia mwenyewe."

Akinyi aliinama akaishika tepu. Aliipitisha katikati ya vidole, polepole, halafu akaivuta kidogo, nayo ikavutika. Rula yao ilikuwa pale pale, karibu na goti lake. Angeichukua na kuniumbua kwa dakika moja. Akaniangalia usoni, mimi nikaangalia mfuko wa bluu.

"Inafika," akasema. "Rusha."

Nikarusha. Tano na nne, jemadari wake akaanguka. King'ora kikalia dadu zikiwa bado zinazunguka kwenye macho yangu, na Oduor akapiga teke mlima mmoja akaingia ndani. Akinyi alimwokota Irimu, akampangusa vumbi kwa pindo la sketi yake, akaniwekea mkononi. Halafu akaikunja tepu vizuri, kama fundi, akaiweka juu yake.

"Nyambura," akasema kwa sauti ya chini, "siku nyingine njoo bila hii."

Sikwenda siku nyingine. Likizo iliyofuata tata alituma neno kwamba watoto wa jirani wananiulizia, nikasema nina malaria. Iliyofuata nikasema nina kazi ya shule. Mwaka uliofuata baba yao alipata kazi mahali pengine wakahama, na tata hakujua walikokwenda.

Ijumaa ile asubuhi nilimsihi tata anirudishe Kimbo mapema. Kamau alirudi jioni yake, amekonda, kichwa kimenyolewa. Kabla ya kunywa chai alipanda kwenye stuli akamshusha Irimu, akamgeuza, akahesabu meno ya kisogoni. Yote yalikuwepo. "Umemtunza," akaniambia, akaniachia awe wangu kabisa. Kusifiwa hakujawahi kuniuma hivyo.

Leo ninaishi Ruiru, ghorofa ya nne. Binti yangu Shiru anapigana vita kwenye simu, ana mazimwi mia na joka lenye mabawa yote mawili. Simu inampimia yenyewe. Akigusa mahali pasipofika, inamkatalia. Akiuawa anabonyeza, anafufuka, anaomba juisi. Hajui jina la anayecheza naye wala kama yuko Thika au Uchina, na hajawahi kuchubuka goti. Nikimwambia sisi tulilia kwa ajili ya askari mmoja ananiambia, "Mum, si ungeanza tu game ingine?" Simcheki. Ila namwonea huruma kidogo, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumtazama usoni, tepu mkononi, akaamua atamfanyia nini.

Askari wangu sita wa udongo sijui waliishia wapi. Nimebaki na Irimu na ile tepu, ndani ya mkebe wa biskuti. Juzi, Shiru akiwa shuleni, nilinunua rula mpya ya chuma, nikapiga magoti sebuleni na goti likalia, nikazilaza rula na tepu sakafuni pamoja. Nilitaka kuona kwa macho yangu, baada ya miaka yote hii ya kujiambia kwamba labda tofauti ni ndogo sana.

Nusu inchi na zaidi. Akinyi, popote ulipo, haikufika.