Chupa za Mvinyo na Kiu ya Bibi

Bibi yangu alifariki Mombasa bila kuonja mvinyo hata siku moja, lakini chupa za mvinyo ndizo zilizomwokoa, na jambo hilo lilimuudhi mpaka mwisho wa umri wake. Mimi kila nikikumbuka hucheka peke yangu.

Vita vilikuwa vimefika Kismayu, bandari ikaporwa, na siku chache baadaye bahari ikatuletea makasha pale kisiwani kwetu Ngumi. Tukayavamia tukidhani ni mafuta ya kupikia. Lo! Chupa za mvinyo mwekundu, kila moja imebandikwa picha ya kilima chenye mistari ya mizabibu.

"Astaghfirullah!" bibi akapiga kelele. "Rudisheni baharini!"

Ningekubali, ila tulikuwa tunajiandaa kukimbilia Kenya, na wenye bunduki walikuwa wameshachukua madumu yetu yote. Mashua tulikuwa nayo, na maji kisimani yalikuwepo. Cha kuyatilia ndicho kilichokosekana, na bila maji tungekufa njiani.

"Bibi," nikamwambia, "tumwage kilichomo, tubaki na chupa."

Akanitazama weee, kisha akanisogezea kasha la kwanza kwa mguu. Tukang'oa vizibo kwa ndoana, tukamwaga mpaka mchanga wa ufuoni ukawa mwekundu. Hapo bibi akaamrisha kila chupa ioshwe mara saba, na moja ya hizo iwe kwa mchanga. Tukainama wanawake wote kusugua, migongo inatuuma. Mwalimu wa chuo cha Kurani akapita, akasimama, akacheka hadi kofia ikamdondoka.

"Mara saba na mchanga ni kwa chombo alicholamba mbwa! Mvinyo, suuzeni tu mpaka uishe."

"Basi leo nao ni mbwa!" bibi akamjibu. "Sugueni!"

Na baada ya jasho letu lote hilo, mwenyewe akakataa kuzinywea. Akajipakilia madafu yake mashuani, kichwa juu. Siku ya kwanza haikuisha, madafu yakaisha.

Siku ya pili jua lilikuwa kali na upepo haba. Midomo ya bibi ikapasuka, na bado nikimpa chupa anageuza uso. "Mchu hafi siku yake haijafika," akasema kwa Kibajuni chetu, mchu yaani mtu, sauti imekauka. Huyo ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki, sikuwa na mwingine. Niliogopa sana, na mimi nikiogopa huwa mkali.

"Wallahi bibi, ukifa kwa kiu na maji yako mbele yako, nitakushitaki kwa Mungu!"

Akaipokea, nadhani kwa mshangao. Mchanga ulikuwa umezibandua picha zote isipokuwa ya chupa ile. Akaitazama muda mrefu.

"Hawa walima nini huku juu?"

"Zabibu, bibi."

"Zabibu?" Akafikiri. "Zabibu si haramu."

"Si haramu hata kidogo."

Akasema bismillahi, akagugumia nusu chupa bila kupumua. Kisha akainua mikono. "Ya Rabbi, wape mvua watu wa kilima hiki. Mvua tele, wala usiwapunguzie!" Mashua nzima ikaitikia amina kwa kicheko. Mimi nililia na kucheka kwa pamoja.

Leo naishi Ufaransa. Duka la karibu nami, rafu ya chini kabisa, nilikikuta kilima kile kile. Nilikijua papo hapo. Jirani yangu, bibi mmoja mzee, hupiga gumzo nami kila tukikutana hapo. Aliniambia huo ni mvinyo wa kila siku, wa watu wa kawaida kama sisi, wa kushushia chakula cha mchana. Mizabibu hupandwa mteremkoni, akasema, kwa sababu haipendi maji mengi.

Juzi nilimkuta amenuna mbele ya rafu tupu.

"Mvua!" akasema. "Imenyesha bila kukoma, zabibu zimeoza zote kilimani. Sijui nani katulaani."

Nikaziba mdomo kwa mtandio, mabega yakitikisika.

"Si laana, jirani," nikamwambia. "Ni shukrani za bibi yangu."