Damu ya Siku ya Tatu

Binti wa dada yangu alipopasuliwa kidole tumbo katika hospitali moja ya Parklands, mimi ndiye niliyeketi naye. Dada ana duka la nguo Ngara, nami sina kazi ya kunishika mahali pamoja. Alikuwa na miaka minane, na kidole tumbo kilikuwa kimepasuka kabla hajafikishwa.

Niliacha shule darasa la saba, lakini karatasi haipiti mbele yangu bila kusomwa. Daktari hakuchoka na maswali yangu. Alinionyesha mstari mmoja kwenye matokeo ya damu, protini ambayo ini huimwaga mwili unapopigana na maambukizi. Baada ya upasuaji lazima ipande, alisema. Tungoje siku ya tatu. Ikianza kushuka, vyema. Ikizidi kupanda, huenda usaha umejikusanya tumboni, hata kama mtoto anacheka.

Dada na mimi tukakubaliana Ijumaa: haendi nyumbani kabla ya majibu hayo.

Jumamosi asubuhi mtoto aliiona sindano akakunja mkono.

“Anko, ni ya mwisho?”

“Ya mwisho.”

Mchana dada akanituma Ngara nikachukue sweta ya mtoto dukani. Niliporudi, kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka safi. Dada alikuwa ametia sahihi ya kumtoa mtoto kwa hiari yake. Muuguzi alikuwa ananitafuta: majibu yametoka, mstari umepanda, na simu ya mama haishikwi.

Nilimkuta nyumbani kwake Mountain View, anapiga pasi gauni jeupe la mtoto.

“Kesho ni shukrani,” akasema bila kuinua macho. “Kanisa zima limefunga siku mbili kwa ajili yake. Nisimame niwaambie nini? Ati bado?”

“Damu imepanda.”

“Wewe uliyeshindwa na darasa la saba, leo unasoma damu?”

Nikamwacha. Mtoto alikuwa kwenye kochi, magoti ameyavuta hadi kifuani, jasho limelowesha nywele za kisogoni. Nilimuuliza kama anasikia uchungu. Alimtazama mama yake kwanza.

“Niliambiwa niseme siskii.”

“Uliambiwa lini?”

“Jana. Daktari akiniuliza.”

Jana. Siku ileile dada aliyonishika bega kwenye korido akasema, “Sawa, tungoje, nakuamini.” Sweta bado ilikuwa mkononi mwangu. Nikamvalisha mtoto, nikambeba nimrudishe hospitalini. Dada hakunizuia wala hakunifungulia mlango. Pasi ilikuwa imeachwa juu ya gauni. Niliisikia harufu ya kitambaa kikiungua nikiwa ngazini.

Usaha ulikuwepo. Waliutoa jioni hiyohiyo kwa mpira mwembamba ulioingizwa ubavuni, na daktari akasema tumewahi. Kabla ya hapo ilibidi wachukue damu tena. Muuguzi alipofunga kamba mkononi, mtoto alinyoosha mkono mwenyewe, uso ameugeuzia ukutani. Nilifungua kinywa nimfariji.

“Usiseme ni ya mwisho,” akaniambia.

Jumapili dada alikwenda kanisani peke yake. Jirani aliniambia alisimama mbele, akashukuru, wakampigia makofi. Alasiri alikuja wodini na uji kwenye chupa, akamnywesha mtoto kijiko kwa kijiko, hakuniangalia. Mtoto alipomaliza akaniuliza mimi, si mama yake, mstari umefika wapi leo. Nikamsomea kama ulivyoandikwa.