Kiti cha Mama Odette

Siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu: siku sindano ya mashine ya Mama Odette ilipoacha kudarizi misalaba ikaanza kudarizi kichaka cha nyuzi.

Wakati huo nilikuwa kijana wa kuzurura. Shule niliiacha mapema. Nilikuwa nimelima Lukafu, nimepakia magari Kasomeno, na sasa nimetulia kidogo katika karakana ya Yaya Béa, yaya kwetu ni dada mkubwa, katika komine iitwayo Kenya, sehemu ya mji wetu, si ile nchi. Yaya Béa alitengeneza redio ili ale, lakini moyo wake ulikuwa kwenye kompyuta za zamani, zile nzito ambazo wengine waliziuza kama vyuma. Aliziandikia programu kwa asembli, lugha iliyo karibu kabisa na mashine, ambamo unaiambia kila jambo: chukua hiki, peleka pale. Sijaona tena mikono kama ile.

Kompyuta mojawapo iliongoza mashine ya kudarizi ya Mama Odette, mshonaji wa sokoni. Kumbukumbu yake iliungua, tukaweka nyingine. Tangu hapo programu ilikaa mahali pengine ndani ya kumbukumbu, lakini maagizo yake bado yalikwenda kutafuta michoro mahali pa zamani. Yakaokota takataka, sindano nayo ikadarizi takataka. Na wanakwaya walingoja kanzu zao za Jumapili. Wasingezipata, kazi ya kwaya ingehamia kwa mwingine, na ndiyo iliyolisha nyumba ya Mama Odette.

Nikaanza kusahihisha anwani za mahali hapo ndani ya maagizo, moja moja, jasho likinitoka. Yaya Béa akasimama nyuma yangu. Aliniita petit, yaani mdogo.

"We petit, unafanya nini?"

"Minabadirisha maadresi yote, Yaya."

"Yote? Na kama kesho tunaikalisha fasi ingine, utaanza tena? Basi uoe iyi mashine, muzeeke pamoja!"

Mama Odette, kitambaa mapajani, akacheka licha ya wasiwasi wake.

"Angalia uyu mama ku soko," Yaya Béa akaendelea. "Mvua inanyesha, banamuhamisha fasi ingine. Anatafuta makasi yake?"

"Hata!" Mama Odette akajibu mwenyewe. "Makasi iko ku mukono ya kuume, uzi nyekundu iko nyuma yake. Nikishaikala ku kiti yangu, mukono inajua."

"Umesikia, petit? Anahesabia toka ku mulango ya soko? Hapana! Anahesabia toka ku kiti."

Ndipo nikaelewa. Ndani ya kompyuta mna vifuko vidogo viitwavyo rejista. Tulichagua kimoja, tukakiita kiti. Programu ikiamka, kwanza inajiuliza imekaa wapi, inaweka jibu ndani ya kiti. Baada ya hapo hakuna agizo linalosema "nenda mahali fulani". Kila moja linasema: "kutoka kiti, songa hatua hizi." Ukiihamisha programu, kiti peke yake hubadilika, umbali wote hubaki vilevile. Ilitubidi kuandika upya maagizo, ndiyo, lakini kwa mara ya mwisho.

Msalaba ukatoka umenyooka. Yaya Béa, badala ya kushangilia, akaihamisha programu makusudi.

"Béa, wacha michezo! Kanzu!" Mama Odette akapiga kelele.

Sindano ikashuka. Msalaba uleule. Mama Odette akaupapasa kwa kidole, kisha akasogeza rundo la kanzu karibu. Jumapili kwaya iliimba imezivaa.

Mimi niliendelea kuhama, miguu yangu ndivyo ilivyo, lakini niliacha kupotea. Nawe utahama, mwanangu. Kazi itafungwa, nyumba itauzwa, mtaa utabadilika jina. Usiyafunge maisha yako mahali pamoja. Chagua kitu kimoja unachoweza kubeba, upimie mengine yote kutoka hapo. Kwa Mama Odette kilikuwa kiti. Kwangu ni swali: hiki kinafanyaje kazi? Ukifika ugenini, kikalishe hicho kwanza, ndipo uanze kutafuta vitu vyako.

Mungu akukalishe vizuri popote utakapofika, na mkono wako ujue.